Kompyuta Niliyojinunulia kwa Fedha za Mwenzangu

Mwanzoni mwa 2023 nilikabidhiwa Sh2,500,000 zisizo zangu, nikaenda nazo Kariakoo, nikanunua kompyuta niliyoitamani mimi. Fedha zilikuwa za utafiti wa shahada ya uzamili wa binti mmoja ambaye kila tukikutana huniamkia "shikamoo kaka", na ambaye aliamini kwamba mtu anayetengeneza kompyuta za idara nzima hawezi kumchagulia vibaya. Nilimchagulia vibaya. Mashine iliposhindwa kazi nikamwambia tatizo ni data zake. Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike, lakini halieleweki bila la kwanza, kwa hiyo nianze na vifaa.

Mimi si mwalimu, ni fundi. Kila idara ya chuo ina mtu wa aina yangu: projekta ikigoma anaitwa yeye, printa ikimeza karatasi anaitwa yeye, mkuu wa idara akisahau nywila anaitwa yeye. Mtu huyu hupata cheo kisichomo kwenye muundo wa utumishi, cha "muulize fulani, anajua kompyuta". Sifa hiyo ni pana mno. Anayejua kuondoa virusi hudhaniwa anajua kila kitu, na miaka ikipita hata mwenyewe huanza kuamini.

Alikuja na karatasi ya bajeti yenye mstari mmoja wa vifaa na kiasi pembeni. "Kaka, kwa fedha hizi nichukue laptopu au dekstopu?" Dekstopu, nikamjibu kabla hajameza mate. Hapo sikukosea sana; kwa bei ileile dekstopu hukupa nguvu zaidi, huhimili joto vizuri zaidi, na kifaa kimoja kikifa unabadilisha hicho kimoja. Nikamuuliza anaihitaji lini. Akasema hata kesho. Tukaishia hapo. Sikumuuliza anatafiti nini, ana data kiasi gani, anatumia programu ipi. Nilikuwa tayari nina orodha kichwani, na orodha hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko utafiti wake.

Nitaiandika kama ilivyo, maana karatasi bado ninayo. Kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, iliyotumika, Sh900,000. Prosesa Ryzen 5 5600, Sh420,000. Madabodi ya A520, ile ndogo yenye nafasi mbili tu za ramu, Sh250,000. Ramu GB 16, vipande viwili vya GB 8, Sh180,000. SSD ya GB 256, Sh90,000. Kioo cha inchi 24, Sh300,000. Kesi yenye ubavu wa kioo na feni zenye taa, Sh150,000. Pawasaplai ambayo jina lake sijapata kulisikia kabla wala baada, ubavuni imeandikwa 700W kwa herufi kubwa, Sh60,000. Kibodi na mausi, Sh40,000. Zilizobaki, Sh110,000, zilikwenda kwa winga, yule dalali wa dukani, kwa bodaboda, na nisipoficha, kwa biriani. UPS haikuwemo.

Tazama mgawanyo huo. Zaidi ya theluthi ya fedha ilikwenda kwenye kifaa kimoja. Kesi ya taa ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya pawasaplai, kifaa ambacho vingine vyote vinategemea uhai wake. Na ramu nilijaza nafasi zote mbili kwa vipande vidogo, kwa hiyo siku ya kuongeza isingewezekana kuongeza. Ingebidi kung'oa na kununua upya. Fundi yeyote wa mwaka wa kwanza angeniuliza kwa nini nisichukue kipande kimoja cha GB 16 na kuacha nafasi ya pili wazi. Jibu ni kwamba vipande viwili huipa mashine kasi zaidi, na kasi hiyo huonekana sana kwenye gemu.

Hapo ndipo ukweli ulipo. Kadi ile nilikuwa nimeitolea macho tangu ilipotoka 2021, wakati bei hazishikiki kwa sababu wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazikusanya zote. Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum ukaacha utaratibu wa uchimbaji unaohitaji kadi hizo, na wachimbaji duniani wakabaki na marundo ya kadi zisizo na kazi. Zikamwagika sokoni. Miezi michache baadaye winga wa Kariakoo ananionyesha moja kwenye mfuko wa nailoni, haina boksi, feni zake zina vumbi jeusi la kunata, na mimi moyo unanidunda. Binti nilimwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba hii ndiyo kadi inayotumiwa na watu wa akili mnemba. Haukuwa uongo. Ila yeye hakuwa anafanya akili mnemba, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza.

Mashine nikaiunganishia nyumbani. Nikakaa nayo wikiendi nzima nikisema naipima. Nilichopimia ni gemu la mpira. Watoto wa jirani walikuja kuangalia, taa zinawaka kama ukumbi wa harusi, na Jumatatu asubuhi nikaipeleka chuoni nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Sasa nieleze alichokuwa anakifanya, jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa. Alikuwa anatafuta tarehe ambayo mvua huanza: masika na vuli kwa mikoa ya kaskazini na pwani, na ule msimu mmoja mrefu kwa kanda za kati na kusini, mwaka hadi mwaka, aone kama mwanzo wa mvua unasogea. Kwa mkulima anayengoja kupanda, wiki mbili za kukosea zinamaanisha mbegu kuozea au kukaukia ardhini. Data zake zinaitwa CHIRPS. Hutayarishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara wakishirikiana na shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, kwa kuchanganya vipimo vya setilaiti na vya vituo vya mvua vya ardhini. Zinaanzia 1981, siku kwa siku, na ardhi zimeikata katika miraba ya nyuzi 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu kila upande. Zinapatikana bure.

Hesabu yake ni nyepesi, ningeweza kuifanya kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Tanzania inaingia kwenye mstatili wa kama nyuzi 12 kwa 11, hivyo ni miraba 240 kwa 220, sawa na miraba 52,800. Miaka 40, kuanzia 1981 hadi 2020, ina siku 14,610. Zidisha: zaidi ya namba milioni 771. Yeye anatumia R, programu ya takwimu ambayo kwa kawaida huweka kila namba ya desimali katika baiti 8 na hupenda kuziweka zote kwenye ramu kwa mpigo. Hiyo ni kama GB 6 kwa nakala moja. Ukibadilisha kitu katikati ya hesabu, R mara nyingi hutengeneza nakala nyingine. Tayari ni GB 12, na Windows yenyewe haijala, wala kivinjari chenye makala zake kumi za kusoma.

Halafu kuna viini sita vya prosesa. Kwa kuwa kila mraba unahesabiwa peke yake, alifanya kilicho sahihi: akagawa kazi kwa viini vyote. Kwenye Linux, viini vile vingeweza kusoma nakala moja ya data kwa pamoja. Kwenye Windows kila kimoja hufunguliwa R yake na kupewa nakala yake. Sita mara GB 6 ni 36, pamoja na ile ya asili ni 42. Mimi nilimpa 16.

Ramu ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski. SSD ya SATA niliyomnunulia husoma kama MB 500 kwa sekunde ikiwa katika siku yake nzuri. Ramu ya DDR4 ya 3200, hata kwa njia moja, hupitisha hadi GB 25.6. Nayo SSD ya GB 256 ilikuwa inabanwa, maana mafaili ya CHIRPS ya siku kwa siku huja ya dunia nzima, mwaka mmoja ni zaidi ya GB 1, na kila hatua ya kazi yake inazaa mafaili mengine. Kilichotokea hakihitaji utaalamu kukieleza. Mashine iliganda. Mausi haisogei. Taa za feni tu ndizo zilizoendelea kubadilika rangi.

Akaniita. Nikaizima na kuiwasha, nikasasisha dereva za kadi, nikaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Ikaganda tena jioni ileile. Akaniita tena, safari hii akiwa na aibu ya kunisumbua. Nikakaa kwenye kiti chake, nikapekua msimbo wake kama ninayeuelewa, kisha nikamwambia: "Mdogo wangu, mashine haina shida. Data hizi za bure za mtandaoni huwa chafu. Na huu msimbo wako una mahali unazunguka bila kutoka."

Nilikuwa sijui R. Nilisema vile kwa sababu kama si data, basi ni mashine, na kama ni mashine, ni mimi.

Aliniamini. Alirudi akaukagua msimbo mstari kwa mstari akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Akaikata nchi vipande, akawa anaendesha mkoa mmoja mmoja usiku, anakuja asubuhi kuona kama imefika mwisho au imeganda. Mwishowe akaenda kwa msimamizi wake na kumweleza kwamba data zina matatizo. Msimamizi, ambaye naye hakuwa na sababu ya kumshuku fundi, akamshauri apunguze eneo la utafiti. Kamati ikapitisha mabadiliko. Utafiti wa nchi nzima ukawa wa kanda ya kaskazini. Tasnifu yake iko maktaba hivi sasa ikiwa na kichwa hicho cha pili, na kwenye utangulizi kuna sentensi inayosema eneo lilipunguzwa kwa sababu za kiufundi. Sababu hizo za kiufundi ni mimi.

Aliyefichua ni fundi wa maabara ya jiografia, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa gundi. Alipita kuchukua waya, akamkuta binti anasubiri mashine iliyoganda. Alingoja nayo hadi ilipopumua kidogo, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc, akasoma, kisha akanipigia simu.

"Fundi, njoo uone kitu."

Nilipofika, dirisha la Task Manager lilikuwa wazi. Ramu asilimia 97. Diski asilimia 100. Prosesa inapanda na kushuka chini ya 20, kwa kuwa muda mwingi inasubiri diski. Chini kabisa, RTX 3060: asilimia 0. Mstari umenyooka kutoka kushoto hadi kulia.

"Hiki kilichokula laki tisa," mzee akasema, "kinafanya kazi gani humu?"

"Kinaonyesha picha kwenye kioo, mzee."

Ndiyo kazi pekee kiliyokuwa nayo, na hata hiyo niliilazimisha mimi. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, hivyo bila kadi kioo kinabaki cheusi. Ningechukua 5600G, ndugu yake mwenye herufi moja zaidi na viini sita vilevile, kioo kingewaka bila kadi yoyote, na zile Sh900,000 zingenunua ramu ya kutosha, diski mbili, UPS na chenji ikabaki. R ya kawaida haigusi kadi ya grafiki. Inabidi uandike msimbo kwa makusudi, kwa maktaba maalumu, ndipo kadi ishtuke usingizini.

Mzee hakunisema. Alimgeukia binti akamwambia data zake hazina kasoro, mashine imekosa ramu. Binti akanitazama. Mimi nikasema, "Nitaongeza ramu wiki hii hii." Sikusema kingine. Ningeweza kukiri pale pale, watu watatu tu chumbani, na nikanyamaza.

Nikarudi Kariakoo na haraka ya mtu anayeficha kitu. Winga akanipa vipande viwili vya GB 16 kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. DDR4, pini 288, mkato uko mahali pake, vikaingia kwenye madabodi bila kulazimishwa. Mashine haikuwaka. Feni zinazunguka, taa zinang'aa, kioo cheusi. Nilivibadilisha nafasi, nikavisugua kwa kifutio, nikaweka kimoja kimoja. Hakuna. Nikampelekea mzee. Akavisogeza karibu na miwani, akaniwekea ukucha kwenye lebo: *PC4-2133P-RA0*. "Unaiona hiyo R baada ya kistari? Hii ramu ya seva. Ya dekstopu ina U."

Miaka yote nashika ramu, sikuwahi kusoma herufi ile. Ramu ya aina ya R ina chipu ya ziada inayopokea amri kwa niaba ya chipu nyingine, ndiyo maana seva inaweza kubeba ramu nyingi bila kuyumba. Madabodi ya kawaida ya nyumbani haiongei nayo kabisa. Iliuzwa rahisi kwa sababu kila mwaka makampuni huko nje huzima seva za zamani, na ramu zake hazina mnunuzi wa kawaida isipokuwa fundi mwenye haraka.

Kabla sijapata ramu sahihi, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo alasiri moja. Kompyuta nyingine za chumba kile zilizima na kuwaka. Yetu ilitoa mlio mmoja na harufu ya plastiki. Pawasaplai ilikufa na ikaondoka na SSD. Madabodi ilipona. Msimbo wake alikuwa nao kwenye fleshi, Mungu ambariki kwa tabia hiyo, lakini matokeo ya mikoa aliyoendesha usiku kwa usiku yalikuwa mle ndani.

Nilifungua ile pawasaplai na kuisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Maandishi ya 700W yako upande unaoonekana dukani. Upande wa pili kuna jedwali dogo, na kwenye jedwali mstari wa 12V umeandikwa 18A. Kumi na mbili mara 18 ni wati 216. Kompyuta za siku hizi karibu mzigo wake wote unabebwa na mstari huo. Kadi niliyoichagua hutaka hadi wati 170 peke yake, prosesa imekadiriwa wati 65. Hapo tayari ni 235, bado feni, bado diski. Kwenye kazi ya binti kadi ilikuwa imelala, kwa hiyo sidai kwamba mzigo ndio ulioiua siku ile. Iliuawa na umeme uliorudi vibaya ukakuta hakuna UPS wala kinga ndani ya kiboksi cha Sh60,000. Lakini kama kuna siku iliwahi kukamuliwa kupita uwezo wake, ni wikiendi yangu ya mpira.

Hapo nikaenda kumwambia. Nilimkuta kwenye benchi nje ya maktaba. Nilimwambia yote kwa mpangilio: kwamba sikumuuliza kazi yake, kwamba kadi ilikuwa tamaa yangu, kwamba niliichezea gemu, kwamba nilimsingizia data na msimbo bila kujua R hata kidogo. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo kaka, nchi nzima ingewezekana?" Nikasema ingewezekana. Akafunga daftari akaondoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuniamkia. Sikumlaumu.

Vifaa vya mradi haviuzwi kienyeji. Kadi ilikuwa imeshaandikwa namba ya mali kwa rangi nyeupe. Nilikopa kwenye kikoba, nikanunua mashine iliyotumika ya HP, Z440, aina ambayo zamani zilikaa ofisi za wahandisi na wasanifu majengo. Ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza 2014. Haina taa. Ni nzito, inakula umeme kuliko dekstopu ya kisasa, na kiini kimoja kimoja cha Xeon yake kinashindwa na Ryzen bila ubishi. Ila ina nafasi nane za ramu na pawasaplai ya wati 700 za kweli. Na inapokea ramu za R. Vile vipande viwili vilivyonikataa viliingia, nikaongeza viwili vingine vya aina ileile, ikawa GB 64. Mzee wa jiografia akaiwekea Linux, akamwonyesha binti jinsi ya kuacha viini visome nakala moja. Nchi nzima iliisha usiku mmoja. Kamati ilikuwa imeshapitisha kanda ya kaskazini, hivyo matokeo ya nchi nzima yako kwenye kiambatisho, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo mzee alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kwanza, kwenye R kuna kifurushi kinachoitwa terra, ambacho husoma ramani kubwa vipande kwa vipande kutoka kwenye diski, hivyo hata GB 16 zingetosha kwa subira na mpangilio. Pili, CHIRPS nzima imo ndani ya Google Earth Engine, ambako mtafiti huandika msimbo wake na hesabu ikafanyika kwenye kompyuta zao, bila malipo kwa utafiti usio wa kibiashara. Mtu akiwa na laptopu ya kawaida na bando la kuaminika, sehemu kubwa ya kazi ile ingefanyika hapo. Pengine ushauri bora ambao fundi angempa siku ile ungekuwa kwamba asinunue kompyuta mpya, atumie fedha kwenda vijijini kuwauliza wakulima walipanda lini. Fundi gani atasema hivyo? Sisi tukiulizwa kuhusu kompyuta tunajibu kwa kompyuta.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kadi za grafiki ni upuuzi. Mwaka uliofuata alikuja kijana wa isimu anayefunza modeli ya kutambua Kiswahili cha kusemwa, akitumia sauti za mradi wa Common Voice wa Mozilla. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Kazi yake kweli inapita kwenye kadi, na GB 12 za 3060 kwake ni neema, kwa sababu zipo kadi za bei ya juu zaidi zenye GB 8 tu ambazo modeli yake isingeenea. Nikaifufua ile mashine kwa pawasaplai ya maana, SSD mpya na UPS, nikampa. Ukiingia chumbani kwake sasa kadi inavuma kutwa, asilimia 98, 99. Taa za feni nilizichomoa.

Ninachofanya siku hizi ni kumwomba mtafiti anionyeshe kazi yenyewe ikiendeshwa, hata kwa data ya mwaka mmoja, kwenye mashine yoyote iliyopo. Tunafungua Task Manager tunaangalia kinachojaa kwanza. Kama ni ramu, fedha inaenda kwenye ramu, na madabodi yenye nafasi nne. Kama ni diski, diski. UPS naiandika juu kabisa ya orodha kabla ya prosesa, na nasoma wati zake, maana namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi huwa ni VA, na wati huwa ni kidogo kuliko hapo. Kesi nachukua yoyote inayopitisha hewa. Wanafunzi wengine hukasirika. Walikuja wakitaka mashine ya kupendeza kwenye picha, wanapewa boksi jeusi.

Binti alihitimu. Sasa anafanya kazi na data za mvua mahali pengine, na juzi kati alinitumia ujumbe akiuliza ramu ya kuongeza kwenye mashine ya ofisini kwao. Nilimjibu anipigie picha lebo kwanza.

Wapo wengine niliowanunulia mashine miaka ile, na wao sijawakiria. Kama kompyuta yako niliiunganisha mimi kabla ya katikati ya 2023, izime, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, tafuta jedwali dogo la pawasaplai. Soma mstari wa 12V, zidisha ampea zake kwa 12. Ikitoka chini ya 300 na mashine ina kadi kubwa ya grafiki, usiiwashe tena. Chomoa diski, uhamishie kazi zako kwenye kompyuta nyingine, uniletee hiyo pawasaplai ofisini. Nitakubadilishia kwa fedha yangu, na UPS tutajadiliana.